Knobloch K1: miwani ya kulengea shabaha kwa jicho lililovuka miaka 40

Kifurushi cha K1 ukikifungua, ndani hukuti lenzi. Utakuta fremu ya chuma yenye mkono mlalo mbele, kikalio cha pua kinachopanda na kushuka, na pete moja ya kushikia lenzi yenye kipenyo cha milimita 23. Pete kubwa zaidi, tundu la kufungua na kufunga, na kiziba jicho vinauzwa kando. Lenzi unakwenda kuchongesha mwenyewe kwa mtaalamu wa miwani, na hapo ndipo wengi wanapopotea: wanatumia pesa nyingi kwenye fremu ya Kijerumani, kisha wanaweka ndani yake lenzi ya kusomea gazeti. Kwa hiyo tathmini hii itaanza na lenzi, na fremu itasubiri zamu yake.

Lenzi ya asili iliyo ndani ya jicho huwa laini utotoni na hukakamaa mwaka hadi mwaka. Kuanzia miaka ya 40 hivi mtu huanza kusogeza simu mbali ili aisome. Akifika miaka ya 60, uwezo wa jicho wa kujivuta karibu umekwisha kabisa. Mazoezi hayaurudishi, na karoti haiurudishi pia. Mpiga shabaha anayetumia vilengeo vya chuma hulisikia jambo hili mapema kuliko wengine, kwa sababu ana vitu vitatu vya kutazama kwa mpigo mmoja: mwanya wa kilengeo cha nyuma, ncha ya kilengeo cha mbele, na duara jeusi ukutani. Hata jicho la kijana haliwezi kuona vyote vitatu kwa ukali uleule. Tofauti ni kwamba kijana huchagua aone kipi vizuri, na mzee huchaguliwa na jicho lake, nalo kwa kawaida huchagua duara, ambalo ndilo lenye umuhimu mdogo kuliko vyote.

Kwa nini mdogo? Chukua bastola ya upepo ya mita 10. Umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele tuseme ni sentimita 33. Ncha ya mbele ikikaa pembeni kwa milimita 0.3 tu ndani ya mwanya, risasi itaangukia milimita 9 kando ya pale ulipokusudia, maana kosa hilo huzidishwa mara 30 hivi. Pete ya kumi ina kipenyo cha milimita 11.5 na kirisasi kina milimita 4.5, hivyo kitovu cha tundu lazima kiwe ndani ya milimita 8 kutoka katikati ili upate kumi. Umeshapata tisa. Lakini mkono wote ukiyumba kwa milimita 0.3 huku vilengeo vikiwa vimenyooka, risasi nayo inahama kwa milimita 0.3 tu, na hakuna atakayejua. Jicho basi linatakiwa lione kingo za ncha ya mbele zikikata kama wembe, na mapengo mawili ya mwanga, kulia na kushoto kwake, yakilingana. Duara linaweza kubaki na ukungu kiasi, mradi lionekane kuwa duara.

Sasa hesabu ya lenzi. Mkono ukinyooshwa, ncha ya mbele ya bastola ya upepo iko takriban mita 1 kutoka jichoni. Kwenye bunduki ya upepo ni karibu vilevile, au pungufu kidogo. Lenzi ya diopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) +1.00 juu ya kipimo chako cha kuona mbali huleta ukali mita 1 hasa, +0.50 huuweka mita 2, na +0.75 mita 1.33. Tuchukue jicho ambalo halijivuti tena hata kidogo, mboni ikiwa wazi milimita 4. Kwa miwani ya kuona mbali peke yake, duara linaonekana safi, lakini kingo za ncha zina ukungu wa milimita 4, ilhali ncha yenyewe ina upana wa milimita 4.5 hivi. Hapo hakuna ncha, kuna kivuli. Kwa +1.00 ncha inakata safi, na duara linapata ukungu wa milimita 36 juu ya kipenyo chake cha milimita 59.5. Kwa +0.75 ncha ina ukungu wa milimita 1 na duara milimita 26. Na kwa +2.00, ile miwani ya kusomea inayopangwa mezani kando ya barabara kila mji, ncha inarudi kwenye ukungu uleule wa milimita 4, na duara linapata ukungu wa milimita 76, mkubwa kuliko duara lenyewe. Weusi unayeyuka ukutani.

Anayesema "nilijaribu miwani, haikusaidia" mara nyingi alijaribu hiyo ya mwisho. Haiwezi kumsaidia, kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya kitabu kilichoshikwa sentimita 40 au 50 kutoka usoni.

Kwa bastola ya upepo anza na +0.75. Aliye na miaka 45 na jicho lake bado linajivuta kidogo anaweza kuridhika na +0.50. Tahadhari moja tu: jicho linalosaidia kujivuta huchoka. Mashindano ya mita 10 ya ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya kulenga shabaha, ni risasi 60 ndani ya saa 1 na dakika 15, na lenzi iliyoonekana tamu kwenye risasi ya kumi inaweza kuleta ukungu kwenye risasi ya 45. Ukiwa katikati ya vipimo viwili, chukua kile kinachoacha jicho limelegea. Aliyepita 60 huishia +0.75 au +1.00. Zaidi ya +1.00 kwa bastola ya mkono ulionyooka sioni sababu yoyote, isipokuwa mkono uwe mfupi sana.

Unapokwenda kwa mtaalamu wa miwani usibebe silaha. Beba kadi. Kata ukanda wa karatasi ngumu nyeusi wenye upana wa milimita 4.5, uubandike kwenye kijiti, na uwe umeshapima nyumbani kwa futi ya fundi umbali wa kutoka jichoni hadi kwenye ncha yako ya mbele. Mwambie akupime kwanza jicho la kulengea peke yake, kipimo cha kuona mbali, pamoja na astigmatizimu (kasoro ya umbo la jicho inayotia ukungu mistari ya mwelekeo mmoja kuliko mingine) hata kama ni ndogo. Kisha aongeze juu yake lenzi za majaribio, +0.50, +0.75 na +1.00, moja baada ya nyingine, huku umeshika kijiti kwenye umbali wako halisi na kutazama duara jeusi la milimita 59.5 ulilolibandika mita 10 mbele. Kama korido ni ya mita 5, tumia duara la milimita 30, litaonekana kwa ukubwa uleule. Chagua lenzi dhaifu kuliko zote ambayo bado inakupa kingo kali za ukanda bila jicho kujikaza. Mwenye kisukari asifanye kipimo hiki katika wiki ambazo sukari inapanda na kushuka, kwa kuwa lenzi ya jicho nayo hubadilika pamoja na sukari, na kipimo cha leo kitakuwa uongo mwezi ujao.

Sasa tuirudie K1 yenyewe.

Picha mbili za michezo ya Olimpiki ya Paris, 2024, zimewachanganya watu wengi kuhusu miwani ya aina hii. Moja ni ya Kim Ye-ji wa Korea Kusini akiwa na fremu ya chuma yenye vipande vinavyofanana na vya fundi saa. Nyingine ni ya Yusuf Dikeç wa Uturuki, mwenye miaka 51, mkono mfukoni, amevaa miwani yake ya kila siku. Wote wawili waliondoka na medali ya fedha, Kim katika bastola ya upepo ya wanawake na Dikeç katika timu mseto pamoja na Şevval İlayda Tarhan. Watu wakahitimisha kwamba fremu ni mapambo. Lakini Kim alikuwa na miaka 31, hakuwa na tatizo la umri hata kidogo, na Dikeç hulenga macho yote mawili yakiwa wazi. Picha hizo hazikujibu swali la mtu wa miaka 55 anayelenga kwa jicho moja.

Jibu liko kwenye namna kichwa kinavyokaa. Mpiga bastola husimama ubavu na kugeuza kichwa. Aliyevaa miwani ya kawaida hutazama kupitia pembe ya lenzi karibu na pua, na tena kwa mshazari. Lenzi ikiinamishwa huzalisha astigmatizimu ambayo jicho lako halina. Kiasi chake kinategemea nguvu ya lenzi: kwa mwinamo wa digrii 20, lenzi ya -4.00 huzaa diopta 0.5 hivi, na hiyo inatosha kuharibu kabisa uchaguzi wako makini kati ya +0.50 na +0.75. Lenzi ya +0.75 kwa mwinamo uleule huzaa 0.1, ambayo hutaihisi. Hapa ndipo ninapotofautiana na wauzaji. Kama kipimo chako cha kuona mbali ni karibu na sifuri, tuseme ndani ya diopta 1.50 kila upande, na astigmatizimu ni ndogo, huna haja ya K1. Chongesha miwani ya kawaida yenye kioo kipana, jicho la kulengea likiwa na nyongeza yako, na pesa iliyobaki nunulia virisasi vizuri. Kuanzia -3.00 au +3.00 kwenda juu, au astigmatizimu ya diopta 1 na zaidi, fremu hii ina thamani ya kila senti, kwa sababu inaiweka lenzi wima mbele ya mboni, palepale jicho linapotazama.

Mradi ifungwe vizuri, na kuifunga kunachukua kama saa nzima mara ya kwanza. Anza na kikalio cha pua: mkono mlalo wa fremu ukae usawa wa nyusi na usiegemee upande. Simama katika mkao wako halisi, mkono mtupu bila silaha, fumba macho, inua mkono, fumbua. Kichwa kikae kilivyo. Telezesha pete ya lenzi kwenye mkono mlalo mpaka iwe mbele ya mboni, kichwa kisifuate lenzi. Watu hufanya kinyume, wanageuza shingo ili wakutane na lenzi, na baada ya risasi 20 shingo inauma. Sogeza lenzi hadi milimita 12 au 14 kutoka jichoni. Kope zikigusa, rudisha nyuma kidogo, maana mafuta ya kope huchafua lenzi ndani ya dakika tano. Kisha weka kioo kidogo cha kujitazamia upande wa shabaha, mita 2 mbele yako. Ukijiona ndani yake, pete ya lenzi ionekane duara kamili. Ikionekana kama yai, lenzi bado imegeuka. Zungusha kishikio mpaka yai liwe duara.

Mwenye astigmatizimu ana kazi ya ziada. Lenzi ya duara inaweza kuzunguka ndani ya pete yake, na ikizunguka digrii 10 tu, theluthi moja ya marekebisho imepotea. Ikifika digrii 30, ni kama hujavaa kitu. Mwambie mtaalamu aweke nukta ndogo kwenye ukingo wa juu wa lenzi, nawe weka nukta nyingine kwenye pete, zikutane. Ukiwa unainamisha kichwa wakati wa kulenga, fremu huinama pamoja na jicho, hivyo zungusha lenzi kidogo tu ikihitajika, mpaka kingo za wima na za mlalo za ncha ziwe kali sawasawa. Mambo yote yakikaa sawa, tia tone la rangi ya kucha kwenye kila skrubu. Linazuia skrubu isilegee, na siku ikilegea utaiona kwa macho.

Kuhusu tundu linalofunguka na kufungwa, ambalo hufungwa mbele ya lenzi: ndicho kifaa kinachosaidia jicho lililozeeka kuliko chochote kingine baada ya lenzi sahihi. Tundu la milimita 1.5 mbele ya lenzi ya +0.75 hupunguza ukungu wa ncha kutoka milimita 1 hadi 0.4 hivi, na ukungu wa duara kutoka 26 hadi 10. Ghafla vyote viwili vinaonekana. Gharama yake ni mwanga: ukilinganisha na mboni ya milimita 4, tundu hilo hupitisha sehemu moja kwa saba tu. Kanuni za ISSF zinataka shabaha ya mita 10 imulikwe kwa angalau luksi 1500, na kwenye mwanga huo tundu hufanya kazi vizuri. Kwenye banda lenye taa mbili za tyubu litakuweka gizani. Ukilifunga chini ya milimita 1, mwanga wenyewe huanza kutawanyika kwenye ukingo wa tundu na ukungu hurudi kwa mlango mwingine. Namna sahihi ni kuanza likiwa wazi kabisa, kulifunga polepole hadi kingo za ncha zikaze, kisha kulifungua kidogo sana na kuliacha hapo siku nzima. Anayelichezea kila baada ya risasi kumi hubadilisha anavyoona duara, na vikundi vyake hupanda na kushuka bila sababu anayoielewa.

Kabla hujalinunua, jaribu bure. Toboa kadi nyeusi kwa sindano nene, ibandike kwenye miwani yako ya kawaida mbele ya mboni, na utazame kijiti chako na duara. Picha ikiboreka, tatizo lako linatibika kwa lenzi na tundu. Isipoboreka hata kidogo, au mwanga ukiwa na miale inayotapakaa kuzunguka kila kitu, huenda ni mtoto wa jicho au tatizo la nyuma ya jicho, na hakuna fremu itakayokusaidia. Nenda kwa daktari wa macho.

Kiziba jicho cha K1 nunua cheupe kinachopitisha mwanga, usinunue cheusi. Mboni za macho mawili hufunguka na kufunga pamoja. Jicho moja likiwekwa gizani, la pili nalo hupanua mboni, na mboni pana ni ukungu zaidi. Ndiyo maana pia kukunja jicho moja kwa nguvu ni tabia mbaya kwa mtu mzima. Kwa mashindano, kiziba cha mbele kisizidi upana wa milimita 30. Na kwa bastola, lenzi hukaa usoni mwa mpigaji tu. Hairuhusiwi kufungwa kwenye silaha.

Kasoro za fremu hii zipo, na moja ni kubwa. Haikingi macho. Lenzi ya milimita 23 inafunika jicho moja, tena kwa sehemu, na pembeni kuko wazi. Kwenye banda la mita 10 lenye vikamata risasi vizuri na nafasi zilizotengwa, hatari ni ndogo. Penye silaha za baruti, maganda yanayoruka na mabamba ya chuma, usiivae. Mpigaji wa IPSC (mchezo wa kulenga shabaha kwa vitendo), awe Kirigiti kule Kiambu au kwingine kokote, anakimbia, anageuka, anapiga akiwa amechuchumaa. Lenzi ndogo itamwacha mara ya kwanza kichwa kikigeuka. Huyo anahitaji miwani kamili ya kinga ya polikaboneti, lenzi ya jicho la kulengea ikiwekwa kwa ajili ya ncha na ya jicho la pili kwa kuona mbali. Kwake ncha ya bastola iko karibu zaidi, sentimita 70 hadi 75, hivyo +1.00 au +1.25 si kosa. Baifoko ya kawaida (lenzi moja yenye sehemu ya mbali na ya karibu) haimfai, dirisha la karibu liko chini na itambidi anyanyue kidevu kila anapolenga.

Pete ya milimita 23 nayo ni ndogo kwa anayeanza. Ukikosa katikati kwa milimita 4 tayari unaona ukingo. Pete ya milimita 37 husamehe zaidi, ingawa lenzi inakuwa nzito na fremu huanza kuteleza puani wakati wa joto. Kwenye ukumbi wenye unyevu wa pwani, jasho hushusha kikalio cha pua kidogokidogo, na mpigaji hadhani kama lenzi imeshuka, anadhani jicho limechoka. Kamba ya nyuma ya kichwa inatibu hilo.

Wapiga bunduki yenye kilengeo cha nyuma cha tundu ndio wenye bahati katika uzee. Tundu lao liko kwenye bunduki tayari, milimita 1.0 hadi 1.2, na linafanya nusu ya kazi ya lenzi. Wengi hubaki na miwani yao ya mbali au kuongeza +0.50 tu, kisha wanabadili pete ya kilengeo cha mbele kwa kubwa kidogo ili weupe unaozunguka duara uonekane wazi. K1 inawafaa kwa sababu ileile ya lenzi kukaa wima, hasa katika kulala kifudifudi, pale wanapotazama kupitia kona ya juu ya miwani.

Ukiinunua iliyotumika, angalia kwanza kiungo cha kishikio cha lenzi. Kifunge, kisha kisukume kwa kidole. Kikisogea bila skrubu kulegezwa, mwache muuzaji na fremu yake. Lenzi iliyomo ndani usiihesabu kwenye bei hata ikiwa mpya, maana ilichongwa kwa jicho la mtu mwingine.